Swali la Bibiane pa Kilio

Ninyi mnaosomesha watoto, wafundisheni pia mahali pa kunyamaza. Elisabeth hakumfundisha wake, na kidogo tu damu ya mtu ingemwagika mtaani.

Huyo mtoto, Bibiane, alikuwa amemaliza lisansi ya chuo kikuu Lubumbashi, akaongeza masomo ya magonjwa ya watu wengi: yanatoka wapi, yanapita njia gani, yanamshika nani na kumwacha nani. Kolera ilipopanda tena mitaa ya kando ya mto Lukuga, profesa wake alimtuma arudi kwao Kalemie kuifuatilia. Elisabeth alifurahi, akamtandikia kitanda. Hakujua kwamba kazi yenyewe ni kuuliza watu maswali katika nyumba za misiba.

Kolera ilimchukua Papa Ignace, jirani. Siku ya kilio watu walikaa chini ya turubai, wanawake wakiimba. Bibiane akapiga magoti mbele ya mjane, kwa adabu zote, akauliza:

"Pole sana, Mama. Kabla ya kuugua, Papa alikula wapi? Nani alimupatia kinywaji cha mwisho?"

Wimbo ukakatika. Hapa kwetu maswali hayo yana wenyewe. Ndiyo maswali ya anayetafuta mchawi: alikula mkononi mwa nani, alikunywa kwa nani. Jina likitajwa hapo, halirudi tena mdomoni.

Na likatajwa. "Kwa Mama Éliane," shemeji mmoja alisema. "Alikunywa munkoyo."

"Hata yule wa juma lililopita alikunywa kwake," mwingine akaongeza.

Mama Éliane alikuwa mjane mzee wa mtaa huohuo, akiuza munkoyo ya mahindi na mizizi mlangoni pake. Bibiane aliitikia kwa kichwa, macho yanang'aa, kama mtu aliyeona njia. Guelord, mtoto wa marehemu, alikiona hicho kichwa kikiitikia.

Nyumbani Elisabeth alifunga mlango.

"Mama, nimepata njia ya kolera," Bibiane alisema.

"Umepata mambo, mutoto wangu. Umemutaja muntu pa kilio."

"Si mimi nimemutaja."

"Wewe njo umefungua mulango. Jina limeingia tu."

"Ni maji, Mama. Juzi nilimuona Mama Éliane anachemsha munkoyo vizuri, halafu anaongeza maji mabichi ya mto ili itoshe. Naenda kumuambia aache."

"Leo hauendi popote. Minerval ya masomo nililipa uniletee diplome, si maiti."

"Nikikaa hapa, kuna watu watakunywa jioni hii."

Akatoka. Elisabeth alimfuata mbio, kitenge hakijakaa vizuri kiunoni.

Walimkuta Mama Éliane kwenye kiti chake kifupi, miguu iliyovimba ameinyoosha, chungu kiko pembeni. Hata salamu haikuisha, barabara ikajaa. Guelord alikuwa mbele na bidon ya petroli ya pikipiki yake.

"Bibiane, wewe njo umesoma," alisema. "Sema mbele ya watu. Papa yangu alikufa na munkoyo ya huyu mama, ao hapana?"

"Sema hapana," Elisabeth alimnong'oneza. "Sema ulikosea."

Bibiane alikitazama chungu, kisha bidon. Akisema hapana, chungu kile kitauzwa mpaka chini, na vilio vitaongezeka. Akisema ndiyo, bidon ile itafunguliwa.

"Munkoyo haina shida," alisema polepole. "Shida ni maji ya mto yaliyoongezwa. Hayana mchawi, Guelord. Aliyeyateka hakujua."

"Na ni nani aliyateka?" sauti ikatoka nyuma. "Tuambiwe."

Bibiane, aliyekaa miaka mbali, aligeuka naye kutafuta jibu, kama alivyofundishwa. Elisabeth akamkamata mkono kwa nguvu. Mtaa mzima ulijua. Miguu ile ya Mama Éliane haikuwa imeshuka mtoni tangu mwaka jana. Aliyemjazia mzee maji kila asubuhi, bila malipo, kwa sababu mzee huyo alimlea tangu utotoni, alikuwa Guelord. Elisabeth alimtazama usoni, akaona habari imemfikia kabla ya wengine.

"Ni mimi," Mama Éliane alisema. "Nilishuka mwenyewe. Niliteka mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Watu waliitazama miguu yake. Guelord pia aliitazama. Halafu akaiinua bidon, akapita katikati ya watu bila kumgusa mtu, akaenda zake. Waliobaki walisimama kama waliosahau walichofuata, wakaanza kuondoka, mmoja wao akinung'unika.

"Mwaga yote, mwanangu," mzee alimwambia Bibiane.

Kabla juma halijaisha, Mama Éliane alipanda treni kwenda kwa ndugu zake Kongolo. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwambia abaki. Elisabeth na binti yake walimsindikiza. Guelord alikuja na magunia ya mzee kwenye pikipiki, akayapakia. Treni ilipoondoka, akamsogelea Bibiane.

"Kama maji yale yangechemshwa," aliuliza, "Papa angekuwa bado hai?"

Bibiane alimtazama mama yake kwanza.

"Sijui, Guelord," alisema.

Alijua.