Amina, Napokea

Mama hakujua kuomba kitu bila kusalimu kwanza. Akienda dukani kununua kiberiti, lazima amuulize mwenye duka ameamkaje, na watoto je, na ile homa ilienda? Nilikuwa namcheka: "Mama, kwani unanunua kiberiti ama unaposa?" Hiyo adabu ndiyo ilimuua. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Jina lake ni Namalwa, lakini hapa Kitengela walimwita Mama Caren. Caren ndiye mimi. Nanunua vitunguu kule Illasit, mpakani, na kila nikimsihi ahamie kwangu alikuwa ananichokoza: "Wewe ni fimbo ya mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Yangu ya karibu ni Nyaguthii." Nyaguthii ni jirani wa ukuta mmoja. Chai ikiiva, Mama alikuwa anagonga ukuta na mwiko, ko ko ko, na Nyaguthii anatokea na kikombe chake mkononi. Akikosa chumvi, ko ko ko.

Halafu Nyaguthii akapata kazi ya kufanyia nyumbani, ya kuongea na watu wa ng'ambo kwa kompyuta mpaka jioni. Akamwingiza Mama kwa grupu ya maombi ya kanisa, Wapendwa wa Alfajiri. Jameni, Mama aliipenda hiyo grupu! Kila asubuhi aliandika salamu ndefu kama foleni ya maji, na wao wanajibu: Amina. Amina mama. Napokea. Akanipigia akiwa na furaha. "Caren, siku hizi niko na watu wengi sana."

Watu wengi! Aliyemkuta amekufa ni yule kijana anayeuza maji kwa mkokoteni. Jioni aliona mitungi ya Mama haijatolewa nje, akabisha, akabisha tena, akamwita mwenye ploti wakavunja mlango. Simu ya Mama nilipewa mochari ya Kajiado, pamoja na leso yake na viatu. Nikakaa kwa benchi nje, nikaifungua.

Ujumbe wake wa asubuhi hiyo ulianza vile vile. "Shalom wapendwa. Bwana Yesu asifiwe sana. Namshukuru Mungu kwa kutuamsha, wagonjwa awaguse, wasafiri awafikishe, watoto wetu walio mbali awalinde." Hapo simu inakata maneno na kukuambia usome zaidi. Nikabonyeza.

"Wapendwa, kifua kinanibana sana. Nimeshindwa kufika mlangoni. Aliye karibu aje, tafadhali. Mungu awabariki."

Chini yake: Amina. Amina mama. Napokea kwa imani. Mmoja ameweka picha ya mikono ya maombi na ya moto.

Mnapokea nini? Nililia pale kwa benchi mpaka mlinzi akaniletea maji. Watoto walio mbali ni mimi. Alipata pumzi ya kuniombea mimi kabla ya kujiombea yeye, na hakunipigia, kwa sababu hakutaka kunishtua bure.

Kabla hatujampeleka nyumbani Kimilili, wapendwa walikuja kwa ploti kuomba nasi. Walijaa hema lote. Walivyosema Mama alikuwa mtu wa maombi, ungedhani walikuwa wanakula naye kila siku. Mchungaji akanikaribisha niseme neno, nikasimama na simu ya Mama. Nilikuwa nimeamua kuwachoma.

"Nitawasomea maombi yake ya mwisho," nikasema. "Shalom wapendwa. Bwana Yesu asifiwe sana."

"Amina!"

"Wasafiri awafikishe. Watoto wetu walio mbali awalinde."

"Amina!"

Sikubadilisha sauti. "Wapendwa, kifua kinanibana sana."

"Amina," wengine wakajibu, midomo imezoea.

"Nimeshindwa kufika mlangoni. Aliye karibu aje, tafadhali."

Mwanamke mmoja mbele akaweka simu yake chini ya kiti.

Nyaguthii akaja mbele akijikwaa kwa miguu ya watu. "Ilikuwa saa ngapi?" Nikamwonyesha. Akasoma saa kwenye kioo cha simu.

"Nilikuwa hapo, Caren. Nilikuwa kwa meza yangu, upande wa pili wa ukuta."

"Na uliandika Amina."

"Niliandika." Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. Nilikuwa na matusi tayari mdomoni, makali, niliyoyabeba kutoka Kajiado. Nikaanza na swali: "Kitanda chake si kimeegemea ukuta huo? Mbona hakugonga? Si alikuwa anakugongea kila siku?"

Nyaguthii akaziba mdomo kwa mkono. Maneno yakapita katikati ya vidole.

"Nilimwambia aache. Nilikuwa na mikutano. Nikamwambia, Mama Caren, tafadhali usinigongee tena, ukiwa na shida niandikie kwa grupu."

Matusi yaliniisha. Nilimshika, tukalia pamoja mbele ya watu wote. Ukimwambia Mama kitu mara moja, alikuwa anashika. Alikuwa mtu wa adabu.