Waya Mchanga

...na mpaka leo Frednand hajapata jibu, kama waya wa maiki huizoea sauti jinsi kiatu kinavyouzoea mguu, au ni sikio ndilo linalouzoea waya, yeye aliyekaa nyuma ya miksa ya kwaya miaka kumi na mmoja, na sasa mazoezi ya Jumamosi yamekatika katikati ya wimbo, kanisa la kigango lote limegeuka kumtazama, mama Bonifasia, mwenyekiti wa kwaya, anauliza kwa mara ya pili, "Fundi, sema basi, hii mikwaruzo ni waya au ni Magdalena?"... kama ni waya watavumilia, kama ni Magdalena, kesho mbele ya askofu ataimba Yuster badala yake, na Magdalena ni dada yake, aliyemlea Frednand mama yao alipofariki, amesimama pale kwenye maiki na kanga yake ya Jumamosi, anaangalia dirisha kana kwamba anayezungumziwa yuko Biharamulo... waya, alitaka kusema waya, Ndikuriyo, muuza vyombo vya muziki wa Kabanga, alipomuuzia huu mpya alimwambia, "Kaka, huu bado mchanga, uache upigwe muziki saa mia moja, utalainika," na yeye akaamini upesi, kwa nini asiamini, si baba yao Juvenali alikuwa akizipasha ngoma kwenye moto wa majani makavu ya migomba kabla ya harusi, ngozi baridi haisemi, alisema baba, basi yeye naye akauanika waya juani juu ya bati la sakristia siku nzima, mpira ukanuka, halafu akaupigisha nyimbo za flashi siku nne mfululizo, na siku ya nne, haki ya Mungu, sauti ilikuwa tamu zaidi... au alikuwa amechoka... "Anahesabu saa huyo," anasema mmoja wa besi, watu wanacheka, "mpe na uji, fundi, mtoto akue!"... halafu Jumatano akamwita Fideli, mlinzi, akae benchi la mbele asikilize, waya wa zamani kwanza, kisha mpya, na Fideli akasema, "Yote mizuri, ila ule wa pili una sukari," na Frednand mwenyewe aliisikia sukari ile, akainama kuangalia pini ya waya, kumbe hakuwa amebadilisha kitu, mara zote mbili ulikuwa ule ule wa zamani, akabaki ameinama, hakumwambia Fideli, hakumwambia mtu... basi sukari ilitoka wapi... na hii mikwaruzo kwenye koo la dada, je, inatoka wapi, ilianza na waya mpya, hapana, Krismasi ilikuwapo, alipofika kwenye noti ya juu akakohoa, na siku ile waya wa zamani ndio uliolaumiwa, nani aliulaumu, yeye, ni yeye alisema tununue mwingine... "Frednand," Bonifasia sasa anaita kwa jina, taratibu, si mama mbaya huyu, anaogopa aibu ya kesho tu, "sisi hatujui vyombo, wewe ndiye sikio letu"... sikio gani, sikio hili limemsikia Magdalena tangu likiwa mgongoni kwake, akiliimbia huku akichota maji, lilishamzoea kabla halijajua kusikiliza, likiambiwa ni mzima litasikia mzima, likiambiwa anaumwa litasikia ugonjwa, hata leo Frednand hakuwa anasikiliza, alikuwa anaomba... na ajabu, wazo hilo halimtii hofu, linamtua mzigo, huku waya bado uko mkononi, "Sijui, mama," anasema, "waya siujui, na dada siwezi kumpima, sijawahi kuweza," na Magdalena anaacha dirisha, anamtazama kwa mara ya kwanza leo, "Ungesema tangu Krismasi," anasema, bila hasira, kwa sauti yenye mikwaruzo au isiyo na mikwaruzo, nani ajuaye, "mimi nilikuwa nakungoja wewe uniambie, mdogo wangu, kumbe na wewe unangoja waya." Ikakubaliwa hapo hapo, bila kura: kesho Yuster ataanzisha, Magdalena ataimba katikati ya wenzake wa sauti ya pili. Na kabla mtu hajatumwa kuita fundi mbele, Magdalena mwenyewe alilegeza skrubu ya stendi, akaishusha maiki mpaka usawa wa kidevu cha Yuster, akaikaza.