Magamba ya Chokaa

Chumba cha kukuzia mwani kilikuwa baridi na cheupe. Taa zake ziliwaka zenyewe asubuhi na kuzimika zenyewe jioni, kama jua lililofundishwa adabu. Kijiko alipenda kuingia humo kabla wenzake hawajafika. Alisimama mbele ya chupa kumi na mbili, na kwa kitambo kidogo alijiona yuko chini ya bahari, mwanga umetulia juu ya kichwa chake, viumbe wasiohesabika wakishuka polepole kama unga.

Jina hilo la Kijiko alipewa na fundi wa maabara, kwa sababu binti huyu haongei, anapima tu. Alitunza mwani wa seli moja moja, mdogo kiasi kwamba elfu nzima wangekaa juu ya kichwa cha pini bila kusukumana. Kila seli hujitengenezea magamba ya chokaa, ya mviringo, ikajivika. Profesa alitaka kujua ni jeni zipi seli huziwasha ili kufanya kazi hiyo, na utafiti wa shahada ya Kijiko ulikuwa humohumo.

Tatizo ni kwamba seli zilikuwa uchi. Kila wiki, kwa miezi mitatu, Kijiko alichota tone, akalitia dawa ya iodini ili seli zitulie zisiharibike, akahesabu kwa darubini. Hakuona gamba hata moja.

Alhamisi yalikuja majibu ya kipimo cha jeni. Profesa, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, aliyasoma akiwa amesimama.

"Karatasi inasema jeni za magamba zinawaka zote. Darubini inasema gamba hakuna. Mmoja wao ni mwongo."

"Jiko linawaka kutwa, chungu kitupu," alisema fundi. "Hata mke wangu tukigombana hanifanyii hivyo."

Profesa hakucheka. "Mashine ya kusoma jeni ilichafuka. Mwani huu umesahau kazi yake. Kesho saa nne chupa zote ziingie kwenye mtungi wa mvuke, zichemshwe."

Kijiko alitaka kusema kwamba maji ya chupa yalikuwa na weupe, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, na kwamba mwani ulio uchi haufanyi maji yawe hivyo. Badala yake aliitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya Ijumaa alikaa jikoni, chai inapoa. Mama yake alikuwa ameinamia birika, akimimina kitu kutoka kwenye chupa.

"Hujala. Unaitazama birika kama imekuja kukuposa."

"Umetia nini, mama?"

"Siki. Ukoko huu mweupe wa maji ya bomba ukikwangua utamaliza kucha. Utie siki, uuache. Sikia unavyolalamika."

Kijiko alisogeza sikio. Ndani ya birika kulikuwa na mchemko mdogo mdogo, kama mnong'ono wa watu walio mbali, na ule weupe ulikuwa ukiyeyuka.

Dawa ya iodini aliichanganya mwenyewe. Aliitia asidi, ileile inayofanya siki iwe kali, kama alivyofundishwa chuoni. Lakini chuoni walihesabu mwani wenye magamba ya kioo. Kioo hakiogopi asidi. Chokaa huyeyuka, kama ukoko wa birika.

Aliziona seli zote za miezi mitatu, moja baada ya nyingine, zimefika kwake zimevaa, naye akizivua nguo kabla hajazitazama.

"Mama," alisema taratibu, "mtu akikosea kila wiki kwa miezi mitatu, afanyeje?"

"Asiongeze wa nne. Kunywa chai."

Hakuinywa. Alipofika maabara fundi alikuwa ameshapanga chupa kwenye kitoroli.

"Kaka, naomba dakika tano."

"Loo! Kumbe kinaongea! Chukua kumi."

Alichota tone bichi, bila dawa yoyote, akaliweka chini ya darubini na kuzungusha kioo kinachochuja mwanga, ili chokaa tu ing'ae. Kukawa giza kwanza. Kisha zikatokea, moja, tatu, hamsini, kila seli imezungukwa na vijiduara vinavyong'aa, zikielea bila haraka. Angeweza kukaa hapo hadi jioni. Pia angeweza kumwaga ile dawa kwenye sinki, akasema mwani umepona. Nani angejua?

Profesa aliingia akitazama saa. "Bado hazijachemshwa?"

"Zimevaa," alisema Kijiko. Sauti ilitoka ndogo, akaanza upya. "Profesa, zimevaa siku zote. Dawa yangu ina asidi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyayeyusha magamba. Karatasi ya jeni haikudanganya."

Fundi aliachia kitoroli. Profesa akavua miwani, akainama kwenye darubini, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mkutano mzima wa watafiti niliuambia mwezi jana kwamba mwani huu umesahau kazi yake," alisema bila kuinuka. "Utaandika barua ya masahihisho, na jina lako litaanza."

"Ndiyo."

"Na hesabu ya miezi mitatu haina maana tena."

"Ndiyo, Profesa."

Profesa bado hakuinuka. "Haya mazuri mno," alisema, kama anayejisemea. Kisha akamwambia fundi, "Rudisha chupa rafuni. Polepole, zisitikisike."

Kijiko akashika mpini wa upande wa pili wa kitoroli, wakazisukuma pamoja kuelekea kwenye mwanga.