Mgongo wa Darajani

Wenzake walikwenda sinema kumtazama muuaji. Ghislaine alikwenda kutazama mgongo wa mama yake.

Kila Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa tisa alasiri, klabu ya sinema ya mji wao kando ya mto Loire iliionyesha filamu ileile ya kusisimua, isiyo na rangi, iliyopigwa hapohapo mjini mwaka 1955. Mfamasia anavuka daraja, mkononi kabeba sanduku lenye sumu. Ukungu umetanda. Watazamaji wanaoujua mwisho wake kama sala wanabana pumzi upya, utadhani safari hii huenda akarudi nyumbani. Nyuma yake anapita mwanamke, mkate kwapani, mtu wa mji aliyeombwa apite tu ili daraja lisiwe tupu. Sekunde nne, picha inaruka.

Huyo ndiye mama. Alifariki majira ya baridi ya mwaka huohuo, Ghislaine akiwa na miaka miwili, na picha zake zote zilichukuliwa na mafuriko. Sura yake Ghislaine hakuijua. Kazeeka na ule mgongo, masikini.

Mwaka huu Firmin, mwonyesha filamu, alimwambia kuwa mikanda ya zamani imestaafu. Imekuja nakala mpya, iliyosafishwa kutoka mkanda wa asili. Ghislaine akaingiwa na hofu. Hao wasafishaji si wana mikasi?

“Firmin, wakiniondolea mama yangu, nitakulaumu mpaka kaburini.”

“Mkasi tulikuwa nao sisi, dada,” Firmin alisema, macho kwenye viatu vyake. “Daraja liko mwisho wa mkanda, na mwisho ndio huchanika. Ukichanika, tunakata kidogo, tunaunga. Miaka yote hiyo.”

Ghislaine hakumwelewa, au hakutaka. Akaketi safu ya tatu, koti mapajani.

Ukungu ukatanda mpaka ukawa kama umeingia ukumbini. Mfamasia akatokea. Mama akapita. Moja, mbili, tatu, nne. Ghislaine akajiandaa kuagana naye kama kawaida, lakini picha haikuruka. Mama aliendelea kutembea, taratibu, hatua ya tano, ya sita, kisha akageuka.

Huo ni mwiko. Mpita njia wa kuombwa haangalii kamera, na yeye aligeuka mzimamzima, akatazama kando ya kamera kidogo, akacheka kwa macho, midomo ikisema jambo lisilosikika. Alikuwa na mwanya. Ghislaine akaugusa wa kwake kwa ulimi.

Hapo akakumbuka alivyokuwa akitaniwa na mama mdogo Odette: siku ya filamu nilikubeba kando ya kamera, ukamlilia mama yako mpaka wenye kazi yao wakanuna.

Bwana wa safu ya mbele alimnong'oneza mkewe kuwa yule mwanamke kaharibu picha, kwani alikuwa anatazama nini?

“Alikuwa ananibembeleza mimi,” Ghislaine alisema, na ukumbi mzima ukamsikia.