Bajia za Siku ya Majibu

Siku ya tisa ya kusubiri majibu ya hospitali, fundi cherehani alishindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Alikuwa amekatwa kipande cha uvimbe begani, kikapelekwa kupimwa, na tangu hapo chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Mumewe, seremala, aliondoka kila asubuhi bila kuuliza neno, kwa kuogopa kujibiwa.

Siku hiyo wifi yake aliingia bila hodi, kama kawaida yake.

"Ukiikodolea macho hiyo simu ndiyo italia? Dengu zipo?"

"Nimeziloweka tangu asubuhi. Sijui hata kwa nini."

"Basi inuka, tukaange bajia."

Wakazichuja dengu, wakaanza kuzisaga.

"Zibaki na chengachenga," wifi alionya. "Zikiwa uji tutamnywesha mgonjwa gani?" Papo hapo akajiuma ulimi.

Fundi akajifanya hakusikia. Akakatakata vitunguu, akaponda tangawizi na vitunguu saumu, akatia chumvi na pilipili mbichi sita. Mafuta yakawekwa jikoni. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya bakuli simu ilipolia.

"Pokea wewe! Weka sauti kubwa!"

Wifi akabonyeza.

"Mama, majibu yametoka," alisema daktari. "Siyo kansa. Ni uvimbe wa mafuta tu, hauna madhara."

"Rudia, daktari."

Daktari akarudia, polepole, neno kwa neno.

Fundi akakaa chini sakafuni. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono uleule uliotoka kwenye pilipili, akapiga ukelele. Wifi akamkokota hadi kwenye bomba, akamwagia maji usoni, wote wawili wakiwa wameloa chapachapa na kucheka.

"Mafuta!" wifi alifoka. "Siku tisa roho ziko mkononi, kumbe mafuta! Mungu wangu, na haya mengine yanaungua!"

Akakimbilia jiko, akapunguza moto. Wakachota kijiko baada ya kijiko, bajia zikageuka rangi, zikakauka kingo. Fundi alikula ya kwanza ikiwa bado moto, akiipulizia mdomoni. Sahani ilipofika mezani, alikuwa ameshakula tano.

Seremala aliporudi, alimkuta mkewe ana macho mekundu na dada yake kaloa. Akasimama mlangoni, rangi imemtoka.

"Semeni tu."

"Si kansa, baba watoto," alisema mkewe. "Ni mafuta tu."

Akakaa pale pale kizingitini na viatu vyake vya vumbi la mbao, akashusha pumzi ndefu. Dada yake akamwekea sahani mapajani. Akala ya kwanza kimya, ya pili kimya. Alipofika ya tatu alianza kumsimulia mkewe habari za kazini, za mteja aliyetaka kabati lisilo na milango, na fundi akacheka hadi akashika mbavu.