Keki ya Aliyeharibu

Ofisini kwetu Horsens, Denmaki, anayeharibu huleta keki. Hakuna kugombezwa, hakuna barua ya onyo, wala bosi hapandishi sauti. Unatuma kazi yako kwenye hazina, yaani ghala la pamoja tunamoweka kila tunachoandika, na ikiangusha programu nzima, taa iliyo juu ya kabati la vitabu inageuka nyekundu. Watu wanageuza viti wakutazame. Basi umeshajua: kesho yake unakuja na keki, unaiweka karibu na birika la kahawa. Huko ndiko kukiri kwenyewe. Baada ya hapo hakuna anayekuuliza neno, na ole wake atakayeuliza.

Mimi naitwa Dagny na kazi yangu ni kupima. Naletewa kitu, nasema kinafanya kazi au hakifanyi, basi. Watu wanaosifia kitu kabla hakijawashwa wananichosha. Keki za wenzangu nimekula nyingi, na zangu wamekula si haba. Ni mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kuleta hata kipande: Vagn.

Tunatengeneza programu inayoongoza pampu za maji ya moto, yale yanayopita chini ya barabara kwenda kupasha nyumba za watu joto. Programu haiendi kwa mteja ikiwa uchi. Inafungwa kwenye kontena, inapakiwa pamoja na kila inachohitaji, ili ikifika kwenye mtambo wa mji wowote ifunguke na kufanya kazi vilevile. Kwa miaka mingi mpakiaji alikuwa Vagn. Alipakia kwa mkono wake, kwenye kompyuta yake mwenyewe, na kontena zake hazikuwahi kurudishwa. Akiwa likizo, tunampigia simu. Akiwa na mafua, tunampigia simu. Siku dada yake anaolewa alipakia kwenye maegesho ya kanisa, suti mwilini, kompyuta juu ya boneti ya gari, na habari hiyo ametuhadithia mpaka tumeikariri.

Mwezi wa nne bosi wetu, Ebbe, akamwajiri Solvej. Mwanamke wa kusini, karibu kabisa na mpaka wa Ujerumani, ameachana na mumewe, ana watoto wawili. Aliajiriwa kwa jambo moja: kumtua Vagn huo mzigo. Mtu akituma kazi kwenye hazina, seva, kompyuta kuu ya ofisi, ione yenyewe, ipakie kontena yenyewe, iijaribu, na ikifaulu iiweke tayari kwa mteja, bila mkono wa mtu kugusa. Ebbe alimpa muda wa majaribio mpaka Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya Julai. Kontena ya seva ikipita kabla ya hapo, anabaki. Isipopita, unga umemwagika. Ebbe hakusema hivyo, alisema "tutakaa tuangalie pamoja," lakini lugha ya Ebbe sote tunaijua.

"Chukua, mama, nakupa na baraka zangu," Vagn alimwambia siku ya kwanza. "Mimi nimechoka kupigiwa simu kama zimamoto."

Solvej aliipanga kazi yake vizuri, hilo nalisema mimi nisiyesifia. Siku aliyoiwasha, seva ilipakia kontena bila kusita. Ikafika kwenye majaribio, programu ikafunguka, ikasema haizijui pampu, ikafa papo hapo. Taa ikawa nyekundu.

Vagn akapakia kontena ileile kwenye kompyuta yake. Ikapita.

"Kwangu inafanya kazi," akasema.

"Maelekezo ya kupakia ni haya haya?" Solvej akauliza.

"Haya haya, neno kwa neno."

"Na faili zote ziko kwenye hazina?"

"Kila kitu kiko kwenye hazina. Angalia mwenyewe."

Huku kwetu mtu akikwambia kitu kipo, kipo. Huendi kupekua kompyuta ya mwenzako kuhakikisha, kama usivyofungua friji ya mtu aliyekualika chakula. Solvej angeweza kumwambia, hebu sogea kidogo nione. Hakumwambia. Aliona kosa ni lake, na kesho yake akaja na keki ya tofaa.

Tuliila kwa furaha. Wiki hiyo akabadili hiki, akabadili kile, akawasha tena. Nyekundu. Akaleta ya limau. Akaandika upya nusu ya kazi yake, akawasha. Nyekundu. Akaleta ya karoti.

"Solvej, ukiendelea hivi suruali zangu zitanikana," Ebbe akasema, tukacheka.

Ya nne hakuna aliyecheka. Ebbe alichukua kipande akaenda kukilia mezani kwake, amewasha kompyuta, hatazami mtu. Unapomwona bosi wa Kidenmaki anakula keki peke yake, jua mambo yameharibika. Vagn yeye hakuwahi kugusa hata moja.

"Mimi sili sukari," alisema.

Sili sukari! Siku ya kuzaliwa ya Ebbe nilimwona kwa macho yangu akipiga andazi la krimu moja baada ya jingine. Lakini nikanyamaza, maana haikuwa shughuli yangu.

Jioni moja nilimkuta Solvej kwenye kibanda cha baiskeli, anahangaika na kufuli na mvua inampiga mgongoni.

"Kwa nini usizifungue kontena zote mbili, yako na ya Vagn, uone kilichozidi?" nikamuuliza.

"Nimefungua. Ndani mna faili moja tu, programu yenyewe, imeshasagwa. Yangu unga, yake unga. Nitajuaje alitia nini kabla ya kusaga?"

"Basi muulize tena."

"Nimeuliza mpaka naona haya, Dagny. Niende tena nimwambie nini? Kwamba wewe mwongo?" Kufuli likakubali, lakini hakupanda baiskeli. "Nimekalia kuti kavu, mwenzangu. Wanangu nimewahamisha shule. Mkubwa ndio kwanza amepata rafiki. Nikikosa kazi hii narudi kwa mama, watatu sisi kwenye chumba changu cha usichana, na mama hachoki kuniambia alijua."

Nilimwonea huruma. Si kawaida yangu, na sikujua niiweke wapi, kwa hiyo nikamwambia mvua itakoma kesho. Haikukoma.

Ya tano ilikuwa ya chokoleti. Ikabaki nusu, ikakauka pale pale karibu na birika.

Alhamisi, siku moja kabla ya Ebbe kuamua, Solvej akaja na ya sita. Hiyo haikuwa keki ya dukani wala ya gazetini. Ilikuwa ya kwao: matabaka ya mkate mweusi uliosagwa, jemu ya matunda meusi machachu, na krimu juu isiyo na sukari hata chembe. Ukiiona unadhani mtu amekosea, mpaka uionje.

"Hii hata Vagn anaweza kula," akasema. Hakuwa anamchokoza. Alimfikiria kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Vagn akaiinamia ile sahani muda mrefu.

"Nani amekufundisha hii?"

"Bibi yangu. Kwetu harusi, msiba, lazima iwepo mezani."

"Mama yangu alizaliwa huko huko. Alikuwa akiifanya kila Krismasi."

"Loo! Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuwa nakuuliza mengine," Solvej akasema, akaenda kuosha kisu.

Vagn akakata kipande. Akala amesimama, taratibu. Akakata kingine. Kisha akavaa koti, akaweka kompyuta mkobani, akaondoka wakati hata wenye watoto wa chekechea hawajaanza kwenda kuwachukua. Taa ilikuwa nyekundu vilevile.

Ijumaa asubuhi ni desturi yetu kunywa chai na mikate kabla ya kazi. Siku hiyo tulikaa kama tuko msibani. Solvej alikuwa ameshakusanya vitu vyake kwenye mfuko, kikombe na picha ya watoto, akijifanya anapanga tu meza. Ebbe anakohoa, anatazama saa. Vagn hayupo.

Akaingia amelowa chapachapa, amebeba bakuli la plastiki lenye mfuniko. Akaliweka karibu na birika la kahawa, akafunua. Ilikuwa keki. Imebonyea upande mmoja na upande wa pili imeungua.



"Leo ni siku ya kuzaliwa ya nani?" Ebbe akauliza, masikini, kwa sauti ya mtu anayejua kabisa kwamba si siku ya kuzaliwa.

Vagn alimpita. Alikaa mezani kwake na koti lake lenye maji, akafungua kompyuta, akatuma faili moja kwenye hazina. Moja tu. Taa ikawa ya njano, maana yake seva inapakia. Tukaitazama sote, watu wazima na vyuo vyetu, kama paka wanaotazama bomba. Ikakaa njano. Ikakaa njano. Ikawa kijani.

Solvej akaweka mkono kwenye meza.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

"Jedwali la pampu za zamani," Vagn akasema. "Nililiandika mimi tulipopata mteja wa kwanza. Nilikuwa na hasira na waliotengeneza zile pampu, nikawaandikia matusi humo ndani, kwenye kila mstari. Sasa nikaona haya watu wasije wakayasoma, nikaizuia ile faili isiingie kwenye hazina. Ikabaki kwenye folda yangu tu. Na maelekezo ya kupakia yanasema chukua kila kilichomo kwenye folda. Kwangu imo. Kwenye seva haimo."

"Matusi ndiyo bado yamo?" Ebbe akauliza.

"Nimeyafuta jana usiku."

"Ulisahau kama ipo," Solvej akasema. Alisema kwa upole, kama anayemfungulia mtu mlango.

Vagn angeweza kupita mlango huo. Nilimwona akiutazama.

"Nilisahau. Kweli kabisa nilisahau. Mpaka ile keki ya limau."

Ya limau ilikuwa ya pili.

Solvej akauondoa mkono mezani. 

"Niliogopa," Vagn akasema. Alikuwa anazungumza na bakuli, si na sisi. "Nilijiambia ngoja kwanza, nitasema kesho. Seva ikiweza, nani atanipigia simu? Nyumbani hakuna anayenipigia. Na kesho ikifika wewe unakuja na keki nyingine, na mimi nazidi kushindwa kusema."

"Wanangu, Vagn," Solvej akasema.

"Najua."

"Hujui! Hujui kitu wewe! Mwanangu mdogo kaniuliza jana kama kitanda chake kitaingia kwa bibi. Mimi nakuja hapa kila siku najiona mjinga, nakuokea keki, nakukatia na kipande, na wewe unaniangalia!" Midomo yake ilikuwa imepauka. "Ulikuwa unaniangalia tu!"

Vagn hakujitetea. Hilo moja namhesabia.

Ebbe akainuka kusema neno la kibosi, lile la kukaa tuangalie pamoja. Solvej alikuwa ameshashika kisu cha keki, akakinyoosha kuelekea kwenye taa bila hata kumgeukia.

"Imepita," Ebbe akasema, akakaa. "Unabaki. Bila shaka unabaki."

Solvej akakata ile keki. Katikati ilikuwa mbichi, uji mtupu, ukamwagika sahanini. Akatia kijiko mdomoni, akameza, na machozi yakamtoka hapo hapo, akayaacha yateremke.

"Nimeoka sita," akasema.

"Najua," Vagn akasema.

"Hii ni moja. Bado tano."

Basi likizo ikaja. Vagn akaiacha kompyuta yake mezani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kisiwani Læsø. Mwezi mzima waliobaki ofisini walituma kazi zao, seva ikapakia, taa ikawa kijani, na hakuna aliyempigia. Aliporudi aliniambia kwamba wiki ya kwanza alikuwa anaitazama simu kila akiamka. Wiki ya pili akaanza kuoka kwenye jiko la nyumba ya kupanga, anaharibu, anawapa kuku wa jirani.

Kuanzia Agosti akawa analeta kila Ijumaa. Ya kwanza ilikuwa ngumu, ya pili ina chumvi kupita kiasi, ya tatu nilikula na sikulalamika. Kwenye ya nne Solvej alimwambia apunguze moto, hilo tu, na ndilo neno la kwanza lisilo la kazi alilomwambia tangu ile Ijumaa.

Ya mwisho ilikuwa ya mkate mweusi. Vagn aliiweka karibu na birika, akarudi mezani kwake akatugeuzia mgongo. Solvej akaionja amesimama. Kisha akakata vipande viwili kwenye sahani moja, akaenda kuiweka mezani kwa Vagn, akavuta kiti.