Mega Mia na Ishirini na Nane

Mtaa mzima ulimwita Pindo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona pindo la fundi cherehani huyo likifumuka. Mwaka huo alitaka kitu kimoja tu: kiti cha nne katika timu ya mtaa ya mbio za magari. Si magari ya barabarani, ya kwenye gemu. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na cheka utakavyo, kona za gemu lile alizijua kuliko ngazi za nyumba yake.

Kikwazo kilibandikwa mlangoni pa ukumbi wa gemu: kila mchezaji aje na kompyuta yake, na yenye memori ya picha chini ya giga mbili isiingie. Aliyeitunga sheria ni mwenye ukumbi, Bwana Kadi, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyozisifia kadi zake za picha, vile vipande vya kompyuta vinavyochora picha za gemu. Mwaka uliopita kompyuta ya mchezaji mmoja iliganda mashindanoni mvua ilipoanza kunyesha ndani ya gemu, timu ikarudi na aibu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kompyuta ya Pindo haikuwa na kadi. Ilikuwa na giga nne za memori kwa jumla, na chipu ya picha iliyojibanza ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta, ikichota memori kwenye giga hizo hizo nne. Kwenye ukurasa wa mipangilio, memori ya picha ilisomeka mega 128. Hata robo ya giga haikufika.

Alhamisi, wateja wakiwa wachache, aliingia kwenye ile menyu inayofunguka kabla kompyuta haijawaka sawasawa, akaitengea picha giga mbili kamili. Namba ikabadilika. Alipiga kigelegele mpaka wifi yake, aliyekuwa akishona vifungo, akajichoma sindano.

Kisha akafungua gemu. Gari likasogea kidogo, likaganda. Likaruka mbele, likaganda tena.

"Wifi, gari lako lina kwikwi," wifi yake alisema. "Lipe maji."

"Hebu nyamaza wewe!"

Pindo alikasirika kwelikweli. Akageukia meza ya kukatia, ambako mita nne za kitambaa zilikuwa zinamsubiri, na hapo ndipo alipoelewa. Kitambaa ni kimoja. Ukifungia mita mbili kabatini kwa ajili ya mikono, mwili wa shati utaukata wapi? Giga mbili alikuwa amezifungia picha, na kompyuta nzima ikabaki inagombania mbili zilizosalia. Zile mega 128 zilikuwa za kuanzia tu. Picha zikihitaji zaidi, chipu huchota kwenye memori ya wote, na kazi ikiisha hurudisha.

Akairudisha namba ilivyokuwa. Ndani ya gemu akapunguza mapambo: majani ya miti, vivuli, sura za watazamaji. Gauni lisilo na marinda nalo ni gauni. Gari likateleza mizunguko mitano bila kusita.

"Na mlangoni je?" wifi yake aliuliza. "Weka giga mbili Bwana Kadi akague, ukishaingia urudishe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Yaani ukose kiti kwa sababu ya namba?"

"Anayeninyima kiti kwa sababu ya namba ni yeye. Simsaidii."

Jumamosi saa nne asubuhi Bwana Kadi aliinamia kompyuta ile mlangoni, akaguna. "Dada yangu, mia na ishirini na nane? Sheria ni sheria."

"Sheria yako inaogopa kuganda, kaka. Basi pima kuganda. Nipe mizunguko kumi, na mvua uiweke. Ikiganda hata mara moja, naifunga mwenyewe na mtaani hutanisikia nikilalamika."

Watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kupiga makofi, na Bwana Kadi akakosa pa kutokea. Akampanga na mchezaji namba tatu wa timu.

"Mbona miti yake ina upara?" mtu mmoja alicheka. Pindo hakugeuka. Mzunguko wa saba mvua ikaanza. Alichokijua mezani kwake hakuwa amekijaribu kwenye mvua. Gari likapita kona, likapita na nyingine, likafika mwisho likiwa mbele kwa urefu wa bati la paa. Halikusita popote.

Bwana Kadi akachukua fomu ya timu, akamsogelea na kushusha sauti. "Kiti ni chako, dada. Ila hapa kwenye memori ya picha nitakuandikia giga mbili. Tusiharibu sheria."

"Andika kilichopo."

"Watu watasema..."

"Waache waseme. Nimeshinda na mia na ishirini na nane. Andika hivyo, la sivyo kaa na kiti chako."

Bwana Kadi akaandika, polepole. Pindo akamsimamia mpaka namba ya mwisho.

"Na mega uiandike," alisema, "isije ikasomeka giga."